Dawa ya choo, UTI na kopo la chooni

Swali: "Shikamoo dokta. Naishi nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam. Tuko familia tatu, choo kimoja cha kuchuchumaa, tunamwaga kwa ndoo, na maji ni ya kisima. Kila mwezi tunachanga hela ya dawa ya choo, ile iliyoandikwa inaua asilimia 99.9 ya vijidudu, tunanunua na jiki, na nyingine tunaipata kwa vijana wanaopita mtaani na chupa za maji ya kunywa. Sasa jirani mmoja amegoma. Anasema sabuni ya unga na maji vinatosha, kwao wamekua hivyo na hawajafa. Mimi nina mtoto wa miaka miwili, na mwaka huu nimeugua UTI mara mbili, nikaambiwa ni choo cha kuchangia. Nani mkweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Udokta sina, mimi ni bibi afya. Kwa miaka 22 kazi yangu imekuwa kupiga hodi kwenye nyumba za watu na kuomba nionyeshwe choo. Wengi hunikaribisha sebuleni kwanza.

Siku nyingi za mwaka jirani yako ndiye mkweli. Kuna siku chache ambazo mkweli ni wewe, na hizo si siku za kufanyia mzaha. Ila tuanze na UTI, maana nahisi hiyo ndiyo inayokutoa hela mfukoni, si sinki la choo.

Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mwanamke mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye E. coli, na kwao ni ndani ya utumbo wako mwenyewe. Anatoka njia ya haja kubwa, anasogea mbele, anaingia kwenye mrija wa mkojo. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, kwa hiyo safari yake ni fupi. Sasa fikiria choo chako. Unachuchumaa. Kinachogusa sinki ni kandambili. Huyo bakteria wa sinki angepitia wapi? Hata anayetumia choo cha kukaa hagusishi pale isipokuwa mapaja na makalio, na ngozi ya paja haina mlango wa kuelekea kwenye kibofu. Fangasi wa ukeni hali kadhalika: mara nyingi wanakuwepo mwilini tayari, wakipata nafasi wanastawi, kwa mfano baada ya dozi ya antibayotiki au sukari ikipanda.

Kinachochangia UTI ni kujamiiana, kujisafisha kutoka nyuma kuja mbele, kunywa maji kidogo, ujauzito, kisukari, na kubana mkojo muda mrefu. Hilo la mwisho linanisikitisha, kwa sababu nimekutana na wasichana wengi wanaobana mkojo kutwa nzima wakiogopa choo cha kuchangia kisiwape UTI. Wengine wanatia dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kujisafishia sehemu za siri. Usifanye hivyo. Ukeni kuna bakteria walinzi wanaotengeneza asidi inayowazuia wabaya. Ukiwaua hao umemfukuza mlinzi na geti umeliacha wazi. Na wewe uliyeugua mara mbili ndani ya mwaka, safari ijayo omba mkojo wako uoteshwe maabara kabla hujaanza dawa, ijulikane ni bakteria gani na anasikia dawa ipi. Hela ya kipimo hicho ni bora kuliko hela ya chupa kumi za dawa ya choo.

Tukitoka hapo, turudi chooni.

Watu wa afya tunafundishwa mchoro mmoja mkongwe, uliotokana na kazi ya Wagner na Lanoix iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1958. Unaonyesha jinsi kinyesi cha mtu mmoja kinavyofika mdomoni kwa mtu mwingine, na njia ni tano: vidole, nzi, maji, udongo na chakula. Uutazame mchoro huo upendavyo, hutaona njia inayopita kwenye sinki lisilong'aa. Hakuna anayekula sinkini. Sinki likiwa na madoa linatia kinyaa na aibu mgeni akija, lakini aibu na ugonjwa ni vitu viwili. Kuhara, homa ya matumbo, kipindupindu na homa ya ini ya aina A vinatoka chooni vikiwa vimepanda kwenye mkono.

Ndiyo maana nikiingia choo cha nyumba ya kupanga siangalii sinki kwanza. Naangalia kopo.

Kopo la chooni ndilo kitu kinachoshikwa kuliko vyote mle ndani, na linashikwa wakati mbaya kuliko wote. Mtu akimaliza analiweka chini, sakafuni, palipolowa. Anayefuata analiokota, analizamisha kwenye ndoo, na kile kilichokuwa sakafuni kimeshaingia kwenye maji ya watu wote. Kisha anatoka, anashika kitasa, anamnyanyua mtoto. Sinki limemwagiwa dawa ya asilimia 99.9, linanukia limau, na kopo halijasuguliwa tangu Ramadhani. Nimeiona hali hii kwenye nyumba za vigae Mikocheni na nimeiona Manzese.

Tena hizo asilimia 99.9 zisikutishe wala zisikufurahishe. Ni kipimo cha maabara: sehemu ngumu, mara nyingi safi, aina fulani za vijidudu zilizochaguliwa, na dawa imeachwa ikae muda ulioandikwa kwenye lebo kwa herufi za kuvunja macho, aghalabu dakika kadhaa. Nyumbani mtu anamwaga, anapiga brashi mara mbili, anamwaga maji. Halafu hesabu yenyewe tuifanye pamoja. Kama kulikuwa na bakteria 1,000,000 na umeua asilimia 99.9, wamebaki 1,000. E. coli akiwa mahali panapompendeza hujigawa mara mbili kila dakika 20. Akijigawa mara kumi, yaani kwa saa 3 na dakika 20, wale 1,000 wamerudi kuwa milioni. Sinkini hapati chakula kizuri kama maabara, kwa hiyo atachelewa, lakini familia tatu haziachi choo saa tatu bila kukitumia. Choo hakiwezi kuwa kama chumba cha upasuaji, na hakihitaji kuwa hivyo.

Kinachohitajika ni kukisugua. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Barker na Bloomfield, walichapisha matokeo ya kupima vyoo vya nyumba ambamo mtu alikuwa ameugua salmonela, bakteria wa kuharisha. Nyumba zilikuwa 6. Katika 4 kati ya hizo salmonela alikutwa bado yumo kwenye utando uliojificha chini ya ukingo wa sinki, kwingine hadi wiki nne baada ya kuhara kukoma, na wenye nyumba walikuwa wakitumia dawa za kusafishia choo. Utando ndio siri yake. Vijidudu wengi hujijengea ute, wakajifunika humo pamoja na magadi ya maji na uchafu, na dawa ikipita juu inaua walio nje tu. Ute haufi kwa harufu ya limau. Unatoka kwa brashi, au kwa fagio la chelewa lililokatwa fupi, na sabuni, na mkono wa mtu asiye na haraka.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona nchini Marekani, wa mwaka 2024, wakiwa na Charles Gerba ambaye amekuwa akichunguza vyoo tangu miaka ya 1970. Walitia chooni virusi visivyodhuru watu, wakalinganisha kusugua kwa brashi peke yake na kusugua kwa brashi pamoja na dawa. Dawa iliongeza kitu kikubwa, virusi vilipungua sana kuliko brashi tupu. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo alikuwa akifanya kazi katika kampuni inayotengeneza dawa za choo; nalitaja ujue, ila matokeo nayaamini. Sibishi kwamba dawa inaua. Ninachouliza ni kama kwenye nyumba ambayo hakuna mgonjwa, hicho ulichoua kilikuwa kinaelekea mdomoni kwa mtu. Kwa sehemu kubwa kilikuwa kinaelekea shimoni.

Mambo kama hayo yalishatokea kwa sabuni za mikono. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa sokoni sabuni za kunawia zenye triklosani, kemikali ya kuua bakteria, na viambato vingine 18, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinawakinga watu kuliko sabuni ya kawaida na maji. Sabuni ya kipande ilishinda kesi bila wakili.

Sasa siku zako wewe.

Siku ambayo mtu ndani ya nyumba anaharisha au anatapika, jirani yako anyamaze na jiki itoke kabatini. Vivyo hivyo mkiwa na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, au mlipuko ukitangazwa mtaani. Mimi nilikuwa kazini Agosti 2015 kipindupindu kilipoanzia Kinondoni kikasambaa nchini, hadi Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na watu wakashika mafagio badala ya bendera. Mgonjwa wa kipindupindu anatoa maji mengi mno yaliyojaa vimelea, na hapo sakafu, sinki, kopo na kitasa vyote vinakuwa njia. Bahati nzuri kimelea cha kipindupindu hakina ubavu mbele ya klorini.

Lakini itumie kwa utaratibu. Sabuni na maji kwanza, usugue, umwage, ndipo jiki ifuate. Klorini inaliwa na uchafu. Ukiimwaga juu ya kinyesi inamalizikia hapo, vimelea wanabaki. Jiki nyingi za madukani kwetu zina nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo. Kwa choo cha mgonjwa wa kuharisha, chukua kikombe cha robo lita, changanya na lita 4 za maji. Utapata mchanganyiko wa asilimia 0.2 hivi, ndio unaotumika kwenye sakafu na vyoo vya kambi za kipindupindu. Pakaa sakafu, sinki, mpini wa kopo, koki na kitasa, acha dakika 10, suuza. Tengeneza mpya kila siku, kwa sababu ukishaichanganya inapoteza nguvu, na chupa yenyewe ikae kivulini. Jiki iliyoanikwa juani mbele ya duka miezi mitatu sidhani kama inamsumbua mtu yeyote, akiwemo kimelea.

Mayai ya minyoo hayajali klorini kabisa. Kwa hao dawa ni choo chenye sakafu inayosuguliwa, ndara za chooni zibaki chooni, na mikono. Mikono kila mara. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi kama zetu zinaonyesha kunawa kwa sabuni kunapunguza kuharisha kwa karibu theluthi moja. Hakuna chupa ya chooni iliyowahi kunionyesha namba hiyo.

Na huyo mtoto wako wa miaka miwili, naomba uniwie radhi, huenda ndiye njia kubwa kuliko hilo sinki. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kinyesi cha mtoto si uchafu. Ni uchafu, tena mara nyingi kina vimelea wengi kuliko cha mtu mzima, kwa kuwa watoto ndio wanaougua zaidi. Poti imwagwe chooni, si kwenye mtaro wa nyuma, isuguliwe, kisha wewe unawe kwa sabuni kabla ya kugusa sufuria. Pampasi isiachwe kibarazani ikisubiri gari la taka. Nzi wa Tabata hawahitaji kuonyeshwa njia ya jikoni.

Kuna jambo moja kwenye barua yako lililonitia wasiwasi kuliko yote. Mna chupa tatu za aina tatu chooni, na vyoo vya nyumba za kupanga mara nyingi havina dirisha la maana.

Dawa nyingi za choo ni asidi. Jiki ni klorini. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari vitani Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Najua harufu yake. Nikiwa sijamaliza hata mwaka kazini, nilitaka kuwaonyesha akina mama wa nyumba moja jinsi ya kukitakatisha choo. Nikamwaga asidi kwenye ukoko, nikaona inakawia, nikaongeza jiki. Ulikuwa ujuaji. Nilitoka mle nikitambaa, macho hayaoni, kifua kinabana kama nimefungwa kamba, na akina mama niliokuja kuwafundisha ndio walionipepea. Tangu siku hiyo sijawahi kumcheka mtu yeyote kwa kosa la chooni. Ikitokea kwenu, toka nje kwenye hewa, usirudi kuokoa brashi; kifua kikiendelea kubana nenda hospitali. Hata jiki peke yake ikimwagwa kwenye choo kilichojaa mkojo inaleta mvuke wa kukera, kwa sababu mkojo ukikaa unatoa amonia. Mwaga maji mengi kwanza.

Hiyo ya mtaani isiyo na lebo sitaki hata kuisikia. Mara nyingi ni tindikali tupu, hujui nguvu yake, na imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa mbele ya mtoto wa miaka miwili. Mtoto akinywa kitu cha aina hiyo usimtapishe, maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mfute na kumsuuza mdomo, mkimbize hospitali na chupa uende nayo. Kikiruka jichoni au kwenye ngozi, mimina maji safi bila kuacha kwa dakika 15 au 20, kisha hospitali.

Asidi yenye lebo ina kazi yake halali, na hapa nakuunga mkono. Maji ya visima vya Dar sehemu nyingi yana chumvi na magadi, yanajenga gamba la njano au la kahawia ambalo sabuni ya unga hailiondoi, na gamba hilo ndilo makao ya ule ute niliousema. Mara moja kwa mwezi mwaga kidogo, acha muda ulioandikwa, sugua, suuza. Vaa glavu. Kwa gamba changa hata siki inasaidia, ukiilaza usiku.

Msizoee kumimina dawa shimoni. Najua wapo wanaomimina jiki shimoni wakidhani wanaua harufu na mbu. Kwenye tangi la septiki bakteria ndio wafanyakazi wanaooza uchafu. Ukiwapiga dawa kila wiki tangi linajaa upesi na gari la maji taka mnalilipa ninyi. Kuhusu mbu, miaka ya 1980 mwishoni kule Makunduchi, Zanzibar, walimwaga juu ya maji ya mashimo ya vyoo punje nyepesi za polistirini, zile nyeupe wanazofungia televisheni, mbu wakakosa pa kuzalia. Pamoja na dawa walizomezeshwa watu, vimelea vya matende vilipungua sana. Punje za plastiki zilifanya ambacho ndoo za jiki hazifanyi. Ila hiyo ni kazi ya mashimo yenye maji, msiende kuvunja maboksi ya televisheni kesho.

Mchango wenu, kwa hiyo, usife, ubadilishwe matumizi. Nunueni ndoo yenye koki, ikae juu ya kigoda, maji yatoke kwa koki na asiwepo wa kuzamisha kopo. Kopo lenyewe litundikwe kwenye msumari na lisuguliwe kila siku, ndani na mpini. Nunueni brashi mbili, ya sinki na ya sakafu. Sabuni ya kipande itiwe kwenye soksi kuukuu na ifungwe nje ya mlango karibu na maji, kwa sababu sabuni ya nyumba ya kupanga isiyofungwa ina miguu. Sinki na sakafu visuguliwe kila siku kwa sabuni ya unga, familia kwa zamu. Jirani yako akikubali kushika zamu, mwacheni na msimamo wake. Akigoma na zamu pia, hapo mna kesi nyingine ambayo ni ya mjumbe.

Zimebaki zile chupa tatu. Ya dukani yenye asidi, iwekeni kwa kazi ya gamba ya kila mwezi. Jiki, andika juu yake tarehe mliyonunua, ipandishe mahali mtoto hafiki, ikae tofauti na ile ya kwanza. Ya mtaani, chagua siku ambayo jiki haijatumika chooni, vaa glavu, fungua mlango, jaza ndoo maji, uimimine humo kidogo kidogo, asidi iingie kwenye maji na si maji kwenye asidi, kisha umwage polepole sinkini na maji mengine mengi yafuate. Chupa tupu itoboe kabla hujaitupa.